Mgomba Kutoka Muleba

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Kauthar alichota maji kwenye pipa nyuma ya duka la shangazi yake, akaenda kuumwagilia mgomba mmoja uliosimama pembeni mwa ua. Huko Ganako, karibu na mji wa Karatu, asubuhi za mwezi wa nane huwa na baridi kali. Ukungu hushuka kutoka msitu wa Ngorongoro na kuyafunika mashamba, hata nyumba ya jirani huwezi kuiona vizuri. Kauthar alijitanda khanga mabegani, akamwaga maji polepole, huku akiuambia mgomba maneno mawili matatu kwa Kihaya. Shangazi yake aliijua lugha hiyo, lakini tangu msiba wa bibi yake Kauthar alizungumza Kiswahili tu.

Kauthar alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alilelewa na bibi yake huko Muleba, mkoani Kagera, katika nyumba iliyozungukwa na migomba pande zote. Bibi alifariki mwezi Desemba. Baba yake, dereva wa malori ya masafa marefu, hakuweza kumwacha peke yake nyumbani kwa wiki nzima, kwa hiyo alimpeleka kwa dada yake, Shangazi Zuena.

Shangazi hakuwa mtu mbaya. Alimnunulia sare, madaftari na sweta. Lakini alishinda dukani tangu asubuhi akiwauzia madereva wa magari ya watalii maji na vocha, na jioni alikaa karibu na redio bila kusema neno. Bibi alikuwa mama yake mzazi. Hata siku moja hakumtaja.

Shuleni hali ilikuwa hiyohiyo. Wakati wa mapumziko wenzake walizungumza Kiiraqw na kucheka mambo ambayo Kauthar hakuyaelewa. Alipojibu swali darasani, wengine waliiga lafudhi yake. Goodness, aliyekaa naye dawati moja, hakumcheka hata mara moja, ila kengele ya mwisho ikilia aliondoka na marafiki zake wa njia ya juu. Kauthar alirudi nyumbani peke yake.

Ndiyo maana aliupenda mgomba ule. Na ndiyo maana aliificha siri yake.

Siku moja kabla ya kuondoka Muleba, alikuwa amechimbua chipukizi nyuma ya jiko la bibi, akalifunga kwa gazeti lililoloweshwa maji na kulificha katikati ya nguo. Alijua kwamba haikuruhusiwa. Mwaka uliotangulia, afisa ugani alifika kijijini kwao akawakataza watu kuhamisha machipukizi, kwa sababu ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umeua migomba ya majirani. Lakini ya bibi ilikuwa bado ya kijani. Kauthar alijiambia kwamba chipukizi moja haliwezi kumdhuru mtu. Basi lake lilipita Serengeti, likapanda Ngorongoro, na muda wote begi lilikuwa miguuni pake. Shangazi alipomkuta akichimba shimo uani, alimwuliza ameupata wapi mche ule.

"Nimepewa na mwenzangu shuleni," Kauthar alijibu.

Shangazi aliitikia kwa kichwa, akarudi dukani.

Mtu pekee aliyesimama kuutazama mgomba huo alikuwa jirani yao, Bibi Bernadina. Mzee huyu alikuwa na migomba thelathini kwenye mteremko unaoelekea korongoni, aliyoipanda pamoja na marehemu mume wake. Kila alipopita kwenye ua wao, aliegemea fimbo yake na kumsemesha Kauthar.

"Huu wako unakua haraka kuliko mjukuu wangu wa Arusha," alimwambia siku moja. "Ukizaa, utanionjesha ndizi zake."

Jumamosi moja Bibi Bernadina alimwazima panga ili akate majani makavu. Kauthar alikata majani mawili yaliyokauka na moja lililoanza kuwa la njano. Kisha alilifuta panga kwa nyasi na kumrudishia.

Jumatatu, afisa ugani wa kata, Madamu Doreen, alifika shuleni kuzungumza na darasa la sita kuhusu wadudu na magonjwa ya mimea yanayotoka sehemu nyingine. Alieleza kuhusu viwavijeshi vamizi walioshambulia mahindi, kisha akabandika ubaoni picha ya mgomba wenye mnyauko.

"Ukiona mmea mgeni shambani, jiulize maswali matatu," alisema. "Umetoka wapi? Ukiwa na ugonjwa, ugonjwa huo utaenea kwa njia gani? Ukienea, nani ataumia? Mkulima anayejiuliza mapema huokoa shamba. Anayengoja mpaka majani yaanguke amechelewa."

Goodness alinyoosha mkono. "Madamu, huo ugonjwa wa migomba unaeneaje?"

"Kwa machipukizi yanayohamishwa, kwa wadudu wanaotua kwenye maua, na kwa panga. Ukikata mgomba mgonjwa kisha ukakata mzima kwa panga hilohilo, umeuambukiza. Dalili yake ya kwanza ni majani kunyauka na kuwa ya njano, kama yaliyomwagiwa maji ya moto."

Kauthar hakusikia tena kilichoendelea. Kengele ilipolia alikimbia hadi nyumbani. Jani la katikati la mgomba wake lilikuwa limelala, na upande wake mmoja ulikuwa wa njano.

Alikaa chini kwenye udongo mwekundu. Alifikiri kuung'oa mgomba kimyakimya na kuufukia, kwani hakuna ambaye angejua. Halafu alilikumbuka panga. Alisimama aende kwa Bibi Bernadina, akafika kwenye ua wa mzee, akarudi. Katika Ganako nzima, ni mzee yule peke yake aliyekuwa akimsemesha bila kuwa na shida naye. Akimwambia, nani atabaki? Jioni ile alikula ugali wake bila kuinua macho, na Shangazi hakumwuliza kitu.

Asubuhi iliyofuata, akiwa ameshika ndoo ya maji, alimwona Bibi Bernadina katika ukungu akiteremka shambani na panga mkononi. Kauthar aliitupa ndoo, akamkimbilia.

"Bibi, subiri. Usikate."

Mzee aligeuka. "Hata salamu hakuna leo? Kuna nini?"

"Shikamoo, bibi. Ni hilo panga. Nililitumia Jumamosi kwenye mgomba wangu, na mgomba wangu unaumwa. Una ugonjwa aliotueleza Madamu Doreen."

"Ugonjwa huo huku hatuna. Si ulipewa mche huo shuleni?"

"Hapana, bibi. Niliutoa Muleba. Nilijua hairuhusiwi. Nilimdanganya shangazi."

Bibi Bernadina alilitazama panga, kisha akatazama mteremko wake.

"Jana nilikatia majani migomba mitatu," alisema hatimaye. "Ile ya juu kabisa. Nenda kamwambie shangazi yako. Mimi nampigia afisa simu."

Alimpita bila kumgusa bega, ingawa siku zote alimgusa.

Shangazi Zuena alikuwa akifagia mbele ya duka. Kauthar alimwambia yote, haraka haraka, kabla ujasiri haujamwisha.

"Muleba sehemu gani?" Shangazi aliuliza.

"Kwa bibi. Nyuma ya jiko."

Shangazi aliuegemeza ufagio ukutani, akazunguka hadi uani. Alisimama mbele ya mgomba kama anayeuona kwa mara ya kwanza. "Miezi minane napita hapa," alisema, "na sikujua kwamba ni wa mama."

Madamu Doreen alifika kwa pikipiki kabla ya saa nne. Alikata kipande cha shina, akasubiri. Baada ya dakika chache ute mzito wa rangi ya njano ulianza kuchuruzika. Alichukua sampuli ya kupeleka maabara, lakini alisema hawatangoja majibu.

"Tukiung'oa kumbe ni mzima, tumepoteza mgomba mmoja. Tukiuacha kumbe ni mgonjwa, tunaweza kupoteza migomba ya kata nzima. Hasara ipi ni nafuu?"

Walichimba mpaka kwenye mizizi, wakaukatakata, wakaufukia kwenye shimo refu mbali na njia ya maji. Shangazi ndiye aliyerudishia udongo. Alipomaliza alisema maneno machache kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, akafuta uso kwa mtandio. Kauthar alikuwa hajawahi kumwona akilia.

Kisha walikwenda kwa Bibi Bernadina. Migomba yake mitatu ilionekana mizima kabisa. Madamu Doreen hakumficha kitu.

"Inaweza kuwa salama, bibi. Siwezi kukuhakikishia. Lakini iko juu, na mvua za Novemba zikinyesha, maji yatapita hapa kwenda kwa mingine yote."

Mzee aliushika mmoja wao kwa kiganja. "Huu tuliupanda mwaka aliozaliwa kitinda mimba wangu," alisema. Kisha akaondoa mkono. "Ng'oeni."

Madamu Doreen alilipitisha panga kwenye moto mpaka likawa la moto kabisa, akawaonyesha namna ya kufanya hivyo kila baada ya kukata mgomba mmoja. Mwishoni alimgeukia Kauthar. Kazi yake, kila Jumamosi, ingekuwa kukagua migomba ishirini na saba iliyobaki, jani kwa jani, na kuandika alichokiona.

Kauthar aliifanya kazi hiyo Septemba nzima na Oktoba. Bibi Bernadina aliitikia salamu zake kwa ufupi, akaingia ndani. Majibu ya maabara yalipokuja yakithibitisha kwamba mgomba wa Kauthar ulikuwa na mnyauko, mzee aliyasikiliza na kusema, "Sawa." Kauthar alitembea peke yake kati ya migomba ya watu, akiinua macho kutazama kila jani, na mara nyingi alilia humo, kwa sababu harufu yake ilikuwa ya Muleba.

Jumamosi moja ya Novemba, mvua ikiwa imeanza, alimkuta Goodness amesimama kwenye ua wa Bibi Bernadina.

"Mwalimu alisema unakagua migomba," Goodness alisema. "Nataka kujua unatazama nini."

Kauthar alimwonyesha. Siku hiyo walimaliza mapema.

Mwezi Desemba Madamu Doreen alirudi. Alipita shambani kote pamoja na Bibi Bernadina, wakikata kipande hapa na kutazama ua la mgomba pale. Hakuona dalili yoyote. Walipopanda hadi alipokuwa Kauthar na shangazi yake, mzee alikuwa akihema.

"Nimepoteza migomba mitatu kwa sababu ulificha," alimwambia Kauthar. "Hilo nilikuwa nalo moyoni, sitakudanganya. Lakini asubuhi ile panga lilikuwa mkononi mwangu. Ungechelewa kidogo tu, ningekata yote. Kesho njoo unisaidie kupukuchua maharage. Sipendi kufanya kazi hiyo peke yangu."

"Nitakuja, bibi."

"Na mche wa mbali usiingie tena kwenye begi," Madamu Doreen aliongeza. "Mmea unaposafiri, ugonjwa usioonekana nao husafiri. Ukitaka mbegu ya kwenu, njoo uniulize. Kuna machipukizi yaliyopimwa, na kuna njia ya kuyapata. Kosa linaposemwa mapema hutibika. Likifichwa, huota."

Shangazi Zuena alifunga duka kabla ya magharibi siku hiyo. Alipika ndizi alizonunua sokoni, akatenga sahani mbili, na redio hakuiwasha. Walikula taratibu. Kauthar alipokusanya vyombo, Shangazi alimshika mkono na kuzungumza naye kwa Kihaya.

"Na mimi niliachwa na mama," alisema. "Nilidhani nikinyamaza, utasahau haraka. Kumbe nimekuacha ukae na mgomba. Siku nyingine ukimkumbuka, usichimbue kitu. Njoo uniambie."

Kauthar aliviweka vyombo chini, akakaa tena.

"Namkumbuka leo," alisema.