Chatu wa Marehemu Bakary

"Dada, kikapu chako kinakoroma."

Mwanaheri hakugeuka. Stendi ya Lindi ilikuwa imefurika, makondakta wakiita abiria wa Kilwa na wa Nyangamara, naye alikuwa ameketi na baibui lake jeusi, kikapu mapajani, akisubiri basi.

"Ni nyoka," alijibu, kama mtu anayesema ni mchele.

Aliyeuliza hakukimbia. Alikuwa Twalib, daktari wa mifugo, shati lake la bluu limejaa vumbi la safari ya Pande. Alichuchumaa, akainua kifuniko kidogo. Chatu mchanga alikuwa ameinua kichwa, mdomo wazi, ute umemziba pua.

"Ameacha kula?"

"Tangu kaka yangu Bakary afariki. Chatu alikuwa wake, na kibali cha kumfuga alikuwa nacho. Mimi nimeachiwa tu."

"Unamlaza wapi?"

"Stoo, sakafuni."

"Saruji imemtia baridi kifuani. Nyoka hana joto la kwake, lazima apewe. Sasa unampeleka wapi?"

"Porini, nikamwachie."

"Atakufa huko."

"Najua."

Twalib alimtazama, akaona macho makavu ya mtu asiyelala. "Basi niachie mimi," akasema.

Mwanaheri akampa kikapu na namba yake. Ikawa kila jioni Twalib anapiga simu. Amemchoma sindano. Amemweka chini ya taa ya vifaranga. Ute unapungua.

"Mgonjwa anakusalimu, mrembo," alitania.

"Mwambie nimesikia."

Twalib alicheka kama aliyeambiwa neno tamu. Mwanaheri hakuhisi kitu, ila simu ikichelewa alijikuta anaitazama.

Kisha jirani yake Rosa akamletea habari sokoni: watu wameua chatu nyuma ya nyumba ya daktari. Mwanaheri aliendelea kupima dagaa wake. Wala hakushangaa. Jioni simu ikaita.

"Anaendelea vizuri, mpenzi."

"Mwongo," akasema, akakata, akaizima kabisa.

Ijumaa, baada ya swala, Twalib alisimama mlangoni kwao na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kikapu mkononi.

"Nimesikia ulichoambiwa. Aliyeuawa alitoka kichakani. Wako huyu hapa."

Mwanaheri aliingiza mkono. Chatu akajizungusha kwenye kifundo cha mkono, mzito, mwenye uvuguvugu, pumzi yake haisikiki tena.

"Bakary alikuwa akimvaa shingoni," akasema. Akangoja machozi. Hayakuja.

"Mwanaheri, naomba niwalete wazee wangu kwenu."

"Sikudanganyi, Twalib. Sina furaha, sina hata huzuni. Nimekufa ganzi. Huenda nitabaki hivi hivi."

"Nimeelewa. Sikuja kukuharakisha."

Mwanaheri alimtazama chatu akimpanda mkono taratibu.

"Huyu amekula?"

"Jana. Panya mzima."

"Na wewe?"

"Mimi sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi."

Mwanaheri akasogea pembeni, akampisha mlangoni.

"Ingia umsalimie mama," akasema. "Wali upo."