Kurasa Kumi na Sita za Mwisho

Saa ya mapumziko, wenzangu walipotoka mbio kwenda uwanjani, mimi nilikwenda maktaba. Msidhani nilikuwa na bidii kuliko wengine. Ukikaa peke yako uwanjani kila mtu anakuona, lakini ukikaa peke yako maktaba watu wanadhani unasoma. Nilikuwa nimehamia shule ile mwanzoni mwa muhula, na tangu siku ya kwanza darasa zima liliniita Mgeni. Muhula ulifika katikati, na bado nilikuwa Mgeni.

Niliishi na shangazi yangu, fundi cherehani, katika vyumba viwili vilivyo nyuma ya duka lake. Mama alikuwa amekwenda kufanya kazi nchi ya mbali, na alikuwa akitupigia simu Jumapili. Kuna Jumapili simu iliita, kuna Jumapili haikuita. Shangazi hakuwa mtu mbaya hata kidogo, ila alikuwa na nguo za watu za kushona. "Mama, umekula?" alikuwa akiniuliza, maana aliniita mama kama watu wanavyowaita watoto wa kike, na kabla sijajibu mguu wake ulikuwa umesharudi kwenye cherehani. Basi mimi nilijikunja chini ya meza ya kukatia, juu ya vipande vya vitambaa, nikasoma.

Nilipenda vitabu vya aina moja tu: hadithi za ajabu zenye binti shujaa. Binti anayepanda joka. Binti anayejua lugha ya mito. Binti anayeingia kwenye msitu ambao mashujaa saba wameingia wasitoke. Wale mabinti walianza wakiwa peke yao kama mimi, na wakifika ukurasa wa hamsini hivi, mtu fulani alijitokeza akafuatana nao. Mimi nilikuwa nimeshapita ukurasa wangu wa hamsini katika shule ile, na hakuna aliyejitokeza.

Mkutubi wetu tulimwita Bi Gundi, kwa sababu vidole vyake havikukosa gundi iliyokauka. Vitabu vilivyochakaa alivishona kwa uzi, akavipaka gundi mgongoni na kuvikandamiza chini ya pasi mbili kuukuu za mkaa. Alikuwa na utaratibu mmoja ambao hakumlegezea mtu. Ukimaliza kitabu, unaandika kadi ya maoni: kinahusu nini, kizuri wapi, kibaya wapi, kinamfaa nani. Chini kabisa palichapwa maneno "Nimesoma mpaka mwisho," na hapo unatia sahihi. Kila Ijumaa aliteua kadi moja akaibandika kwenye mlango wa maktaba, na shule nzima ilipita hapo kwenda kunywa maji.

Nilitaka kadi yangu ibandikwe pale. Nilitaka mtu mmoja asimame asome kitu nilichoandika, basi.

Kitabu kilichoniponza kiliitwa *Nyundo ya Binti Mhunzi*. Mfalme wa Vivuli amemchukua mama yake binti, na binti anafua nyundo yake mwenyewe, anavuka nchi tatu akiwa na mbuzi mmoja mlalamishi, mpaka anafika kwenye lango la mawe chini ya mlima. Nilikisoma siku tatu. Siku ya tatu nikafika mahali palipoandikwa, "Akalisukuma lango kwa bega, na nyuma yake akaona," nikafungua ukurasa uliofuata, na huo ukurasa ulikuwa jalada. Nyuzi mbili zilining'inia. Nikaangalia orodha ya sura mwanzoni mwa kitabu, nikahesabu. Kurasa kumi na sita za mwisho hazikuwepo.

Sheria niliijua. Kitabu kikiwa na kasoro, unampelekea Bi Gundi. Lakini nikimpelekea kitakwenda chini ya pasi, na mimi sitaandika kadi, na tayari nilikuwa na sentensi nzuri kichwani. Nikakaa chini ya meza ya shangazi nikaandika. Nilipofika mwisho, nikautunga. Niliandika: "Nyuma ya lango binti anamkuta mama yake. Anamshika mkono na kurudi naye nyumbani. Kama kuna mtu unayemsubiri, soma kitabu hiki." Nikatia sahihi. Sikuona kama ni uongo, kwa sababu nilipokuwa naandika niliamini.

Ijumaa kadi yangu ilikuwa mlangoni.

Katika darasa letu kulikuwa na msichana tuliyemwita Twiga, kwa urefu wake. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kila mtu alijua, na kwa kuwa walijua, hawakujua wamwambie nini, kwa hiyo hawakumwambia chochote. Siku ile alisimama mbele ya mlango akasoma kadi, akarudia, kisha akageuka.

"We Mgeni, hii kadi ni yako?"

"Yangu."

"Kweli mama yake anarudi? Usije ukanitia moyo bure."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Lakini ile ilikuwa mara ya kwanza mtu wa darasa langu kuniambia neno refu kuliko "sogea."

"Anarudi," nikasema. "Kachukue ukisome."

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri, sitasema uongo mwingine. Twiga alisoma taratibu, na kila mapumziko aliniwekea nafasi kwenye benchi. Tulicheka mbuzi. Tulibishana kama binti alifanya vyema kumwamini mvushaji, yule mwenye mashua isiyo na kivuli. "Huyo ningemtosa majini asubuhi na mapema," alisema Twiga, nami nikacheka mpaka nikashika mbavu. Lakini kila siku upande wa kushoto wa kitabu ulikuwa ukinenepa na wa kulia ukikonda. Nitamwambia kesho, nikasema. Kesho ikifika nikasema tena vivyo hivyo.

Jumatano alikuja akiwa ameshika kitabu wazi.

"Mgeni, huku mwisho hakuna kitu. Wewe ulisoma wapi?"

"Mimi..." Maji yalikuwa yamenifika shingoni. "Mimi nilipokuwa nacho, zilikuwepo."

Maneno yalitoka hivyo, kama vile si mimi niliyeyasema. Twiga alikifunga kitabu. "Sawa," akasema, akaenda kwa Bi Gundi kama sheria inavyotaka.

Nikajificha nyuma ya rafu. Bi Gundi alikigeuza kitabu, akagusa nyuzi, kisha akanyoosha kidole mlangoni.

"Mwenzio juzi tu kasoma mpaka mwisho, na sahihi yake ile pale. Wewe unaniletea kitabu hakina mkia. Kurasa zimeota miguu?"

"Sijui, Mwalimu. Sijachana mimi."

"Basi mpaka zipatikane, hutaazima kitabu hapa."

Chini ya rafu palikuwa na uwazi, na Twiga aliviona viatu vyangu. Najua aliviona, maana alivitazama kabla ya kuondoka. Hakunitaja. Aliinama kidogo mlangoni, kama kawaida yake, akatoka.

Mapumziko yaliyofuata maktaba yote ilikuwa yangu, na sikuweza kusoma hata mstari mmoja. Dirishani nilimwona Twiga uwanjani, amekaa peke yake kwenye ukingo wa saruji, mahali ambapo kila mtu alimwona. Wawili wa darasa la nne walikuwa wakinong'ona: "Ndiye aliyechana kitabu." Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Jioni shangazi alikuwa anafumua gauni la mteja lililokuwa limeshaisha. Kwa mara ya kwanza cherehani ilikuwa kimya.

"Si lilikuwa tayari hilo?" nikauliza.

"Nimekosea kwapani. Nimekata pungufu."

"Mbona halionekani?"

"Leo halionekani." Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Siku atakaponyanyua mkono mbele za watu litachanika. Aibu itampata nani hapo? Itampata yeye, mama, na kosa ni langu."

Nikaanza kulia. Shangazi aliweka gauni chini. Hakuniuliza kama nimekula. Alisogeza kigoda, akasikiliza habari yote tangu mwanzo, na alipomaliza kusikiliza alisema tu, "Basi kafumue."

Kesho yake nilifika maktaba kabla ya kengele.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona alfajiri hivi?"

Nikapiga moyo konde. "Kurasa hazikuwepo tangu nilipokiazima mimi. Mwisho ule niliutunga. Twiga hakuchana kitu."

Bi Gundi alivua miwani. Nilingoja anigombeze, lakini uso wake ukabadilika kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni. Akainama, akavuta boksi lake la matengenezo chini ya meza, akapekua majalada na vibunda vya uzi. Akatoa karatasi zilizofungwa pamoja. Nikaona namba ya ukurasa wa juu, nikaijua.

"Zilifumuka muhula uliopita," akasema polepole. "Nikaziweka hapa nizishone, kitabu nikakirudisha kwenye rafu, nikasahau. Nikamfukuza mtoto wa watu. Niliamini sahihi yako, na sikuangalia boksi langu mwenyewe."

Twiga aliitwa. Bi Gundi alisimama, mtu mzima mwenye mvi, akamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Nimekuonea." Twiga akaitikia kwa kichwa. Kisha mimi nikasema, "Nisamehe na mimi." Mimi alinipa kisogo, akawa anatazama pasi za mkaa.

Bi Gundi alifanya kama hakuona. Alimpa Twiga ashike mgongo wa kitabu, akanipa mimi uzi, akashona. Tulisimama pale mpaka fundo la mwisho. "Kilale chini ya pasi leo," akasema. "Jumatatu mtakisoma wote wawili. Kiko kimoja, nami sina cha pili."

Jumapili ile simu ya mama haikuita.

Jumatatu tulikaa kwenye benchi letu, katikati yetu pakiwa na nafasi ya mtu mzima. Twiga alisoma kwa sauti ya chini. Binti mhunzi analisukuma lango, na nyuma yake mama yake yupo kweli. Lakini mabega ya mama ndiyo yanayoushikilia mlima. Akitoka, mlima utaanguka juu ya mji na watu wake wote. Binti anakaa naye usiku mmoja, wanaongea mambo ya nyumbani, na asubuhi anarudi peke yake na mbuzi, ambaye kwa mara ya kwanza halalamiki. Anafika, anawasha moto wa kufulia chuma. Kitabu kinaishia hapo.

"Hakurudi," nikasema.

"Hakurudi."

Niliogopa kumtazama. Alikuwa anasugua pembe ya ukurasa kwa kidole.

"Unajua kadi yako ilinifanya nini?" akasema. "Nilisema, kumbe hata kwenye vitabu mama wa wenzangu wanarudi, ni wangu tu. Nilijiona niko peke yangu kuliko mwanzo. Ungeniandikia mwisho huu, ningejua tuko wawili, mimi na huyu binti."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu pale shuleni: kwamba mama yangu yuko mbali, kwamba Jumapili tatu mfululizo simu haijaita, na kwamba ule mwisho niliuandika kwa ajili yangu mwenyewe.

Hakunikumbatia. Hakusema amenisamehe. Alisogeza kitabu mpaka nusu yake ikawa upande wangu, akafungua mwanzo wa sura ile.

"Soma wewe sasa," akasema. "Mimi koo limekauka."

Nikasoma. Nilipomaliza, Bi Gundi alikuwa amesimama nyuma yetu na kadi yangu ya zamani mkononi. Alikuwa ameibandua mlangoni.

"Sikilizeni," akasema. "Mtu anayeandika maoni ya kitabu anamwambia mwenzake, mimi nimefika kule, kuko hivi. Mwenzake hana njia ya kujua, anakwenda kwa kumwamini tu. Ukiwa hukufika, andika 'nimeishia hapa.' Hilo halina aibu, na kama ungeliandika, mimi ningelifungua boksi langu siku ileile. Ubaya ni kutia sahihi ya mahali ambapo hujafika, kwa sababu atakayelipa ni yule aliyekuamini."

Akanipa kadi mpya. Niliandika kitabu kinahusu nini, kizuri wapi, na kibaya wapi: mbuzi anaongea mno katika sura ya nne. Nilipofika kwenye "Kinamfaa nani," nilikaa sana. Kisha nikaandika: "Mtu ambaye yule anayemsubiri hajarudi."

Twiga alisoma begani kwangu. Akachukua kalamu, akaongeza chini yake kwa mwandiko wake mrefu: "Asikisome peke yake." Halafu akashuka kwenye mstari wa mwisho kabisa, akatia sahihi yake, na kuniachia nafasi ya yangu.