Nyeusi ya Kung'aa

Asubuhi hiyo Eseta alikataa ziwa. Moelagi akadhani ni joto, maana mji wa Logan, huko Australia, ulikuwa ukioka tangu Jumapili. Akampepea, akamgeuzia upande wa pili. Mtoto wa miezi saba akalisukuma titi kwa kiganja, akageuza shingo kuelekea mlango wa gereji, akatabasamu. Gerejini hakukuwa na mtu. Kulikuwa na makava ya pikipiki tu, yale maganda ya plastiki ya mbele na ya ubavuni, yananing'inia kwenye waya kungoja rangi ikauke.

Yalikuwa ya pikipiki ya Pelenato, mdogo wa Lafaele mumewe. Zilikuwa zimepita siku kumi na moja tangu wamzike. Barabara ilikuwa na maji, pikipiki ikateleza, basi. Lafaele kazi yake ni kupiga rangi pikipiki za watu, kwa hiyo aliapa kuitengeneza ile ya mdogo wake ampelekee mjane.

"Si ungepiga isiyong'aa," Moelagi alikuwa amemwambia mumewe siku ya kuchagua rangi. "Nyumba ina msiba. Tumefunika vioo vyote mpaka cha bafuni, wewe unatuletea kingine."

"Kioo gani, mke wangu? Hii plastiki."

Uelese, rafiki wa Lafaele aliyekuwa akisugua msasa pale, akacheka. "Shemeji anataka pikipiki ifanane na masizi ya sufuria. Pele atafufuka akuzabe kofi."

"Nyamaza wewe," Moelagi akamkemea.

"Aliichagua mwenyewe kabla hajafa," Lafaele akasema, hamtazami mtu. "Nyeusi ya kung'aa, vanishi mara nne. Nimnyime na hilo?"

Na hilo. La kwanza walilomnyima Moelagi alilijua. Eseta alikuwa wa Pelenato. Yeye na mkewe hawakujaliwa, na kwa Wasamoa ndugu akikosa mtoto hapewi pole tu, hupewa mtoto amlee awe wake. Moelagi aliahidi kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mama mkwe, mimba ikiwa ya miezi mitano. Kisha akajifungua, akauona uso, akashindwa. Pelenato hakugomba. Alisema tu, "Nitangoja, shemeji."

Siku ya pili mtoto hakunyonya. Siku ya tatu akakataa hata maji ya kijiko. Kliniki walimpima wakasema mzima, mrudisheni kesho. Mzima gani huyu, Moelagi alijiuliza, mbona mwepesi kama nguo iliyoanuliwa.

Saa saba mchana, jua liko utosini, akambeba kumpeleka kwa baba yake uani, akapita gerejini. Harufu ya tina, ile ya kuyeyushia rangi, ikampokea, aliizoea. Chini yake kulikuwa na harufu nyingine, ya lami iliyonyeshewa, na nje hapajanyesha tangu mazishi. Mtoto akacheka. Moelagi akainua macho, akajiona kwenye lile kava kubwa la mbele, amepinda kidogo kwa ule mviringo wake, na mtoto begani, na nyuma yao yupo mtu, mwanamume, shati limemgandia mwilini, maji yanamchuruzika kwenye vidole, na mikono ameinyoosha mbele vile mtu anavyoinyoosha anapopokezwa mtoto, haharakishi, anangoja, na Moelagi akataka kugeuka shingo ikakataa, akataka kuita sauti ikakataa, na begani akamhisi mwanawe anakuwa mwepesi, mwepesi zaidi, kama kuna aliyekwisha kumwingiza mikono makwapani na kuanza kumwinua.

Lafaele aliwakuta wameanguka sakafuni. Alipoelezwa hakucheka.

"Na mimi nimemwona," akanong'ona. "Juzi. Nikadhani ni majonzi."

"Na ukanyamaza?"

"Ningekuambia nini?"

Wakamwita bibi Simativa, mganga wa majani. Alimkanda mtoto tumbo kwa mafuta ya nazi, akaenda gerejini akayageuzia makava mgongo.

"Huyu ni aitu," akasema, "mfu aliyekataa kulala. Alikuwa hana pa kusimama, nanyi mkampa. Uzimeni huo mng'ao."

"Ukizimika ataondoka?" Moelagi akauliza.

"Hatakuwa na pa kusimama, mwanangu. Kuondoka ni jambo lake."

Lafaele akasugua msasa mpaka vidole vikatoka damu. Vanishi yote ikawa vumbi. Akapuliza rangi isiyong'aa, nyeusi kavu kama mkaa, na hata taa ukiielekezea hairudishi kitu. Uelese hakutania.

Jioni hiyo hiyo Eseta akashika ziwa. Akanyonya kwa pupa mpaka maziwa yakamtoka puani, na Moelagi akalia, akacheka, akamwita mumewe alete chakula maana njaa ilikuwa imemrudia hata yeye. Mtoto akaachia ziwa, ameshiba, akamtazama mama yake. Moelagi akainama ambusu.

Ndani ya mboni za mwanawe akajiona, mdogo kama punje ya mtama. Nyuma ya bega lake alisimama mwanamume, mikono mbele.

Akamfunika mtoto macho kwa kiganja.

Lafaele akaingia na sahani ya magimbi. "Mbona unamfumba macho?"

Moelagi alikuwa akihesabu rangi zote anazozijua mumewe, hakuna hata moja ya kuzima mng'ao wa jicho. Chini ya kiganja chake kope zilikuwa zikipepesa, zinatafuta kufunguka.