Pazia Lililoachwa Wazi

Benchi la kliniki ya masikio lilijaa wafanyakazi wa kiwanda cha mabati asubuhi wawili hawa walipokutana. Mwanamke alikuwa mpimaji, koti jeupe, nywele zimebanwa nyuma. Mwanamume alikuwa fundi, shati lake la kijani limepigwa pasi kama la bwana harusi.

"Dada, mpaka niwe kiziwi ndipo uniangalie?"

"Subiri zamu yako, kaka. Midomo huwa hatupimi hapa."

Akamwingiza kwenye chumba kisichopitisha sauti. Kwa kawaida alivuta pazia la dirisha la kioo, mgonjwa asimwone akibonyeza kitufe cha mlio; mgonjwa naye hubonyeza chake kila anaposikia. Siku hiyo aliliacha wazi. Alitaka kuutazama ule uso.

Kwenye karatasi za vipimo, mistari ya wenzake wote ilikuwa imeporomoka palepale, kwenye milio myembamba. Wa fundi ulinyooka. Mpimaji akamshukuru Mungu, akaandika cheti cha uzima. Kwa cheti hicho fundi akahamishiwa mashine yenye kelele kuliko zote.

Wakapendana. Mwezi wa tano wa penzi lao, simu za mpimaji zikawa zinaita tu bila kupokelewa.

"Nimepiga mara sita, mpenzi!"

"Ilikuwa mfukoni, mama."

"Mfukoni mwako au mwa huyo mwenzangu?"

"Unanionea bure."

Mpimaji akanuna wiki nzima. Jumamosi akamwona sokoni, akamwita kwa nyuma. Muuza viazi akageuka, fundi hakugeuka. Lori lilikuwa likimrudia kinyumenyume, likilia mlio wake mwembamba. Mpimaji akamvuta shati kwa nguvu. Lori likapita.

"Siku ile ya kipimo," akamuuliza, "ulisikia kweli?"

Fundi akainama. "Nilikuwa naangalia bega lako. Likitikisika, nabonyeza. Niliogopa kufukuzwa kazi."

Jumatatu alimpima tena, pazia limevutwa. Mstari ukaanguka chini kuliko wa wenzake wote.

"Kosa ni langu," mpimaji alisema walipotoka chumbani. "Kilichopotea hakirudi. Ukibaki pale, na kilichobaki kitakwenda. Namwambia daktari mkuu sasa hivi, cheti kifutwe."

"Watakufukuza."

"Huenda."

Fundi akamshika mkono. "Basi nijibu kwanza. Utakubali nikuoe?"

Mpimaji aliinama, akamnong'oneza sikioni. Fundi akaendelea kungoja, macho yamemtoka.

Mpimaji akaelewa kwamba hakusikia. Akasimama mbele yake, akasema kwa sauti iliyogeuza vichwa vya benchi zima:

"Nimekubali!"

Kisha akachukua ile karatasi ya kipimo, akaomba kimoyomoyo, akabisha hodi kwa daktari mkuu.