Fundo la Bingwa

Kitendawili! Semeni tega, wajukuu zangu, bibi yenu hakuja hapa kuongea na ukuta. Ndugu wanne wanavuta mzigo mmoja angani. Mmoja akijifupisha kwa kiganja tu, mzigo unawageukia. Hamjui? Nipeni mji basi. Asanteni, nimeupokea. Jibu ni kamba nne za tiara. Wala sisemi tiara ya karatasi mnayorusha uwanjani. Nasema ile kubwa kama paa la chumba, mtu anajifunga nayo kiunoni, anasimama juu ya ubao, upepo unamburuta juu ya maji huku anachekelea.

Nyumba ya Bingwa ilikuwa hatua chache kutoka majini. Asubuhi ile ilikuwa tulivu. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa kibarazani akimalizia kushona tiara iliyochanika, mkasi umening'inia shingoni kwa utepe. Binti yao wa miaka kumi na saba alikuwa akimenya machungwa na kumsimulia mama yake ndoto aliyoota. Na Bingwa? Bingwa alikuwa mbele ya kioo.

Jina hilo alijipa mwenyewe. Aliwahi kushinda shindano moja, miaka kumi na moja nyuma. Washindani walikuwa watano, na wawili kati yao waliamka wakiumwa tumbo. Tangu siku hiyo hakuna aliyepumua. Mtu akitaja mvua, Bingwa anataja kombe. Mtu akifiwa, Bingwa anakwenda kuhani na kombe mdomoni. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu kupanda upepo, na kifua alikitanguliza kama jogoo anayedhani jua linamsubiri awike.

Sasa sikilizeni. Kupima kamba za tiara si elimu ya chuo kikuu. Unapiga msumari kwenye mwimo wa mlango, unatundika ncha zote nne, unarudi nyuma na mpini mkononi, ile fimbo ya kushikia inayofungwa kamba zote, mpaka zikaze. Mpini ukikaa sawa, kamba ziko sawa. Ukiinama, kuna kamba inayokudanganya. Zile mbili za katikati ndizo zinazobeba mtu, kwa hiyo zinavutika na kurefuka siku hadi siku. Za pembeni ni za kugeuzia, hazichoki sana. Ndiyo maana zinapimwa kila mara. Msumari huo mkewe aliupiga kwa mkono wake mwenyewe. Bingwa aliutundikia kofia tu.

Wiki ile kamba moja ya katikati ilikatika, hatua mbili juu ya mpini. Bingwa akaiunga kwa fundo nene kama jicho la ng'ombe.

"Baba Binti, agiza kamba mpya," mkewe akamwambia. "Fundo limeifupisha. Tena angalia lilipo. Mtu akifyatua kujiokoa, kamba hiyo ndiyo inayokimbia kupitia tundu la mpini ili tiara ilegee. Fundo lote hilo litapita wapi?"

"Kelele za mlango," Bingwa akajibu. "Wewe shona vitambaa vyako. Upepo niachie mimi."

"Ipime basi, japo mara moja."

"Macho yangu ndiyo kipimo."

Macho! Macho yale yale yaliyokuwa yakitafuta mvi kwenye kioo.

Asubuhi hiyo hiyo, saa nne, wakafika wageni kumi na wawili, waliotaka kuona kabla ya kujiandikisha kufundishwa. Bingwa akatamani wamwone binti yake akiruka. Binti akashuka ufukweni, akajifunga mkanda, akapitisha vidole kwenye kamba mpaka vikakutana na fundo.

"Baba, ulizipima?"

Bingwa akawageukia wageni. "Mnamsikia? Mtoto wa Bingwa anaogopa uzi!"

Wageni wakacheka, kama wanavyocheka watu wasiojua kinachochekwa. Swali likabaki hapo hapo mchangani. Na binti, masikini, akaona aibu. Aibu ya kuuliza jambo la maana mbele ya mjinga! Akainua tiara.

Mwanzoni iliruka vizuri. Upepo ulipozidi, ikaanza kuvuta upande mmoja. Binti akaigeuza huku, ikarudi kule, mara ikapiga duara na kuporomoka kwa nguvu, ikamnyakua kutoka kwenye ubao na kumburuta kuelekea ukuta wa mawe wa gati. Akasukuma kifyatuo cha kujiokolea. Kamba ikakimbia kidogo, kisha fundo likakwama kwenye tundu, tka! Tiara haikulegea. Ikaendelea kuvuta kama punda aliyeona moto.

"Shika vizuri!" Bingwa akapiga kelele. Miguu yake haikusogea.

Aliyesogea ni fundi cherehani. Alitoka kibarazani viatu vimebaki nyuma. Tiara iliposhuka na kugonga mchanga, tayari kuruka tena, akajitupa juu yake mzima mzima, akachomoa mkasi na kupasua mfuko wa hewa unaoikaza tiara, kutoka ncha hadi ncha. Mishono ya wiki nzima! Hewa ikatoka kwa kishindo, tiara ikalala. Binti aliishia hatua tatu kutoka kwenye mawe, mfupa wa bega umevunjika, mdomo umejaa mchanga, lakini hai.

Mnadhani Bingwa alisema nini? Alifuta jasho, akawaambia wageni, "Ameshika vibaya. Nimemfundisha mara ngapi huyu?"

 Mkewe alimshikia mwanawe shingo mpaka gari likaja. Hospitalini, mkono umefungwa kifuani, binti akauliza tena, "Baba, ulizipima?" Bingwa akasema anakwenda kutazama gari lilipoegeshwa. Gari halikuwa lake.

FUNZO

Wazazi wenzangu, walimu, na nyinyi mnaojiita mabingwa: anayekukabidhi uhai wake akikuuliza swali, mjibu. Usimcheke. Kiburi ni uvivu uliovaa suti. Kama jambo linapimika, lipime. Macho hayana alama za sentimita. Na kamba ya kujiokolea usiitie fundo hata siku moja, iwe ya tiara au ya jambo lingine lolote maishani.

Hapo ningenyamaza, ila swali la yule binti bado lilikuwa halijajibiwa.

Wiki ya nne baada ya ajali, Bingwa aliita wanafunzi wapya. Walisimama mstari mmoja mchangani, naye ameshika mpini, anawapa habari za kombe. Mmoja akauliza kama ni kweli mtu aliumia hapo.

"Binti yangu," Bingwa akasema. "Alishika vibaya."

Binti alikuwa amekaa kwenye ngazi za kibaraza, mkono bado umefungwa. Akainuka, akaja taratibu mpaka mbele ya baba yake. Hakupandisha sauti.

"Baba. Wamekuja kukupa maisha yao hawa. Ulizipima?"

Bingwa akawatazama wanafunzi. Akamtazama mkewe, ambaye cherehani yake ilikuwa imenyamaza. Akatazama kamba nne miguuni kwake, muda mrefu, kama mtu aliyepewa barua kwa lugha ngeni. Kifua kikashuka. Sauti iliyotoka haikuwa na kombe ndani yake.

"Sikuzipima, mwanangu," akasema. "Sijui zinavyopimwa."