Kibodi Iliyogoma Kwenye Jina la Zuhurah

Gari lilikuwa limeshaiacha Koboko, likikata vumbi kwenda Arua. Kadijah alikumbatia mkoba wake. Ndani mlikuwa na karatasi aliyoiandika marehemu baba yake, yenye jina la dada yake, Zuhurah. Walipotezana mwaka wa themanini, watu wa Koboko walipoikimbia vita kwenda Sudan. Kadijah alikuwa na miaka mitano. Yeye alirudi. Zuhurah hakurudi.

Sasa lilikuwako shirika linalotafuta ndugu waliopotezana. Fomu yake ilijazwa kwa kompyuta tu, na mwisho wake ulikuwa siku hiyo, saa kumi na moja jioni.

Saa tisa Kadijah alikuwa ameketi kwenye chumba cha kompyuta cha Evelyn, mtaa wa Mvara, mjini Arua. Aliandika kwa kidole kimoja, mdogo mdogo. Alipofika kwenye jina la dada yake, kibodi ikagoma. Akabonyeza Z. Kimya. Akabonyeza kwa nguvu. Kimya.

"Mama, umeiua," alisema Angelo, mfanyabiashara aliyekaa kwenye kompyuta ya pili. "Chomoa umeme, iwake upya."

"Na yote niliyoandika yapotee? Wewe kaa na yako."

Evelyn akaja. "Usizime, mama. Kipanya kinatembea?"

"Iko natembea."

"Basi kompyuta iko mzima. Tuangalie kibodi."

Akachomoa waya wa kibodi, akauchomeka kwenye tundu lingine. Wapi. Akaleta kibodi nyingine. Nayo ikagoma.

"Kwa hiyo ubovu hauko kwenye kibodi," alisema Evelyn. "Kuna kitu kimebadilika ndani. Ulikuwa unafanya nini?"

"Naandika jina kwa herufi kubwa. Baba alikuwa askari. Alitufundisha, jina kwenye fomu ni herufi kubwa. Nilishikilia hii Shift, natafuta Z."

"Uliishikilia muda gani?"

"Mpaka nikaiona. Iko imejificha pale chini."

"Hakikutokea kisanduku kidogo?"

"Kilitokea. Nikakifunga. Nilidhani ni tangazo."

Evelyn akatabasamu. Kompyuta zake zilitumia mfumo wa Linux. "Hapa ukishikilia Shift kama sekunde nane, unawasha vitufe vya polepole. Vimewekwa kwa mtu anayetetemeka mikono. Kompyuta inapuuza mguso wa haraka. Hebu shikilia Z, usiachie."

Kadijah akashikilia. Z ikatokea.

"Umeona? Sasa shikilia Shift tena, hesabu mpaka kumi. Ikikataa, tumia kipanya. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya ufikivu, ile ya kuwasaidia wenye ulemavu, zima vitufe vya polepole. Na ukitaka herufi kubwa, bonyeza Caps Lock mara moja, achia."

Herufi zikarudi. ZUHURAH. Kadijah akalitazama jina lile kitambo. Tangu baba yao afe, hakuna mtu aliyeliandika popote.

Swali la mwisho la fomu lilitaka kitu wanachokijua dada hao wawili tu. Akaandika: "Ulinibeba mgongoni. Ukaniambia nihesabu miti, tutafika kabla sijachoka. Bado nahesabu."

Akatuma saa kumi na nusu.

Evelyn alibandika ukutani karatasi inayoeleza habari ya Shift. Angelo alihamia Juba. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano. Zuhurah yuko Wau, Sudan Kusini, anauza chai, na magoti hayamruhusu kusafiri. Wanaongea kwa simu kila Ijumaa. Hawajaonana.