Miwani Mfukoni mwa Babu

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa maziwa, Tecla alinyoosha mkono kwenye kabati dogo la kando ya kitanda na kuvaa miwani yake. Bila miwani, milima iliyo nyuma ya mji wa Castelmoro ilikuwa kama moshi tu. Mama yake alifanya kazi katika kiwanda cha jibini na alikuwa ameshatoka tangu alfajiri. Tecla alikaanga kipande cha polenta, ugali wa mahindi wa huko kwao, kilichobaki usiku, akaweka jibini juu yake, akala amesimama, kisha akapanda baiskeli kwenda shuleni. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja.

Jumamosi zilikuwa na utaratibu wake. Kama timu ya wanawake ya mji, Mbayuwayu, ilikuwa inacheza nyumbani, Babu Severino alimpitia mjukuu wake baada ya chakula cha mchana. Alikuwa fundi mwashi mstaafu, na koti lake la kahawia lilikuwa na mifuko mikubwa ya kutosha kubeba nyundo. Yeye na wenzake ndio waliolijenga upya jukwaa la uwanja baada ya tetemeko la zamani. Babu na mjukuu walikaa nyuma ya goli, safu ya pili, mahali palepale siku zote.

Msimu huo ulikuwa wa kwanza kwa Mbayuwayu katika Ligi Kuu. Wachezaji walikuwa wamepewa mikataba ya kulipwa. Kipa wao, Fabrizia Cudin, ambaye zamani aliuza mikate asubuhi na kudaka mipira jioni, sasa alidaka tu. Mji mzima ulifurahi, lakini hakuna aliyethubutu kusema kwamba timu itabaki Ligi Kuu. Huko Castelmoro, kulitamka jambo jema kabla ya wakati wake ni kuliitia mkosi. Aliyeteleza ulimi aligusa chuma upesi: ufunguo, kijiko, usukani wa baiskeli. Mwenye bucha alikuwa hajalivua sweta lake la kijani siku za mechi tangu timu ilipopanda daraja, wala hakulifua, na wateja walijua wasimame umbali gani.

Mechi ya kwanza ilichezwa Septemba, mvua ikinyesha. Matone yaliifunika miwani ya Tecla hata asione kitu.

"Lete hapa," Babu alisema. Aliichukua, akaifuta kwa leso, akaitia mfukoni. "Leo mimi ndiye macho yako."

Akamsimulia mechi yote. "Namba saba wao anakuja kulia. Anakimbia kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Anapiga krosi! Toka, Fabri, toka! Ametoka. Kadaka! Unaona? Aa, huoni. Basi niamini mimi."

Mbayuwayu walishinda bao moja kwa bila dhidi ya timu ya jiji kubwa. Babu aliugonga mfuko wake na kucheka. "Mjukuu wangu, miwani hii isitoke humu siku ya mechi. Tumeipata dawa."

Ulikuwa utani, lakini mji ule haukuwa na utani katika mambo hayo. Mechi ya nyumbani iliyofuata hapakuwa na mvua, na Tecla akabaki na miwani yake machoni. Mbayuwayu walifungwa manne. Kuanzia hapo miwani ilirudi mfukoni mwa Babu kila Jumamosi, na Babu akaendelea kusimulia. Mara walishinda, mara walitoka sare. Walipofungwa, sababu nyingine ilipatikana.

Mwezi wa Januari, siku moja ya katikati ya wiki, Babu Severino alijilaza baada ya chakula cha mchana na hakuamka tena. Timu nzima ilikuja mazishini. Tecla aliyatazama mawe ya njia muda wote na hakumwangalia mtu usoni.

Mama hakuligawa lile koti. Jumamosi iliyofuata Tecla alilivaa, akaikunja mikono ya koti, akaenda uwanjani na rafiki yake Nives. Alikaa safu ya pili, akavua miwani na kuitia mfukoni. Mahali pa Babu akaweka skafu.

"Nini kinatokea?" aliuliza.

"Mpira uko kule," Nives alisema.

"Kule wapi?"

"Kule, kwa wale."

Nives alikuwa msichana mwema, lakini usimulizi haukuwa kazi yake. Mtu mmoja nyuma yao alipaza sauti, "Refa, kaazime miwani!"

"Mpe yako," Nives alimnong'oneza Tecla. "Huitumii."

Tecla hakucheka. Siku ile Mbayuwayu walifungwa. Wakafungwa tena, na tena, wakaporomoka hadi karibu na mkia wa msimamo wa ligi. Tecla aliwaza sana. Babu alikuwa na nguvu zake. Labda bila yeye saa mbili za Jumamosi hazikutosha. Akaanza kuvua miwani tangu Jumamosi asubuhi. Halafu tangu Ijumaa. Ilipofika Machi hakuivaa tena kabisa. Ilikaa ndani ya koti, na koti alilivaa kila siku. Timu ikishuka daraja, alijiambia, kitu cha mwisho alichokipenda Babu kitakuwa kimekufa mikononi mwake.

Wiki ile Mbayuwayu walishinda. Wiki iliyofuata wakashinda tena. Tecla hakuhitaji ushahidi mwingine.

Darasani alinakili kutoka kwa Nives, kwa sababu ubao ulikuwa ukungu. Nane aliisoma tatu, na alama zake za hesabu zikashuka. Kichwa kilimuuma kila jioni. Mwalimu alipouliza, alijibu, "Miwani iko kwa fundi." Mama alipouliza, alijibu, "Nimeisahau shuleni." Uongo wa kwanza ulimchoma. Wa pili haukumchoma sana.

Mechi moja tu ilibaki. Mbayuwayu walikuwa alama moja mbele ya timu ambayo ingeshuka. Jumatano ya wiki ile watoto waliruhusiwa kutazama mazoezi na kuokota mipira nyuma ya goli. Fabrizia alidaka mkwaju mmoja, akageuka na kumwona mtoto mwenye koti kubwa la kahawia, amemkabili na mikono imening'inia.

"Shika!" alisema, akamrushia mpira taratibu, kama mtu anavyomrushia mtoto.

Tecla aliuona mpira ulipokuwa umeshafika. Ulimpiga puani. Akakaa kwenye nyasi, na damu ikachuruzika hadi kidevuni.

"Maskini mimi, nimemuua mjukuu wa Severino!" Fabrizia alipiga magoti, akavua glovu na kumbana pua kwa vidole. "Inamisha kichwa mbele. Mbele, siyo nyuma. Pumua kwa mdomo. Mbona hukuinua hata mkono?"

"Sikuuona."

"Hukuuona? Mpira mkubwa hivi, mweupe pe?" Aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti kutafuta leso. Alitoa kibweta cha miwani. Akakifungua. Vioo vilikuwa safi, havina hata mkwaruzo. "Hii ya nani?"

Damu ilipokoma, Tecla alisema yote, toka mvua ya Septemba hadi uongo wa juzi. Aliyasema akitazama nyasi. Fabrizia hakumkatiza.

"Kwa hiyo tangu Januari hujaona mechi hata moja," alisema mwishowe.

"Nimesikia."

"Basi hujauona utepe wangu."

"Utepe gani?"

Fabrizia alifunga kibweta na kumrudishia. "Jumamosi utazame mkono wangu wa kushoto. Zaidi ya hapo sisemi."

Mama alifika na gari dogo, bado amevaa aproni ya kiwandani. Kwanza aliitazama pua. Halafu akakitazama kibweta.

"Mwalimu ameniambia miwani iko kwa fundi. Wewe umeniambia iko shuleni. Nayo iko hapa mfukoni. Njia ya mwongo ni fupi, Tecla. Yako imeishia puani."

"Wakishuka je, mama?"

"Wakishuka, wameshuka. Wewe ukigongwa na gari usiloliona, nani atakurudisha?" Alifungua mlango wa gari. "Nimezika mmoja mwaka huu. Inatosha."

Usiku Tecla alisikia mama akiosha koti, akiisugua damu kwa sabuni ya mche.

Jumamosi koti lilikuwa bado bichi, limeanikwa dirishani. Tecla alikwenda uwanjani bila koti, na kibweta kikiwa mkononi. Mji wote ulikuwa pale. Mwenye bucha alikuwa ndani ya sweta lake, ana nafasi ya kutosha pande zote mbili. Watu waligusa vyuma vya uzio hata rangi ikawabaki vidoleni.

"Utaivaa?" Nives aliuliza.

"Sijui."

Timu ziliingia. Kwa Tecla zilikuwa mabaka mawili ya rangi, buluu na nyeupe. Baka moja lilijitenga na kuja golini, karibu nao. Likainua mkono wa kushoto, likasubiri. Lilisubiri muda mrefu hata refa akapuliza kipenga kuliharakisha.

Tecla alikifungua kibweta, akavaa miwani.

Kila kitu kilikuwa na kingo. Nyasi zilikuwa na mistari. Fabrizia alikuwa na kovu juu ya jicho na mguu mmoja umefungwa bandeji hadi gotini. Juu ya kiwiko cha kushoto, kwenye jezi, palishonwa utepe mweusi wa kitambaa, nao ulikuwa umepauka kidogo kwa kufuliwa mara nyingi.

"Ule utepe," Tecla alisema.

"Wa babu yako," Nives alijibu. "Anauvaa tangu mazishi. Nilidhani umeshaambiwa. Sikutaka kukufanya ulie."

Tecla alitazama. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi aliona jinsi Fabrizia alivyokuwa akizungumza na mabeki wake bila kupumzika, jinsi alivyotema mate kwenye glovu, jinsi alivyorudi nyuma hatua moja kila krosi ilipokuja, kama mtu anayeogopa maji. Mbayuwayu walifunga. Wageni wakasawazisha. Kipindi cha kwanza kilipokaribia kwisha, kona ilipigwa juu, mbele ya goli, na Fabrizia akabaki kwenye mstari.

"Toka, Fabri, toka!" Tecla alipiga kelele.

Fabrizia alitoka, lakini alikuwa amechelewa. Kichwa cha mgeni kiliufikia mpira kwanza. Mbili kwa moja, na kipindi cha pili hakikuleta bao lingine.

Kipenga cha mwisho kilipolia, uwanja ulikuwa kimya kama kanisa siku ya kazi. Tecla alizishika fremu za miwani yake kwa mikono miwili. Aliivaa, na timu imefungwa. Hapo mwenye bucha, aliyekuwa amebandika simu sikioni, akaruka juu ya benchi.

"Sare! Wale wengine wametoka sare! Magoli tunawazidi! Tumebaki!"

Hakuna aliyegusa chuma. Watu walikumbatiana, wakalia. Mwenye bucha alilivua sweta na kulizungusha hewani.

"Tumshukuru Mungu!" mwanamke mmoja alisema. "Sasa kalifue!"

Fabrizia alikuja hadi kwenye uzio, ana matope hadi shingoni. Alimwita Tecla kwa kidole.

"Umeniona?"

"Nimekuona, dada. Umechelewa kutoka."

"Najua. Ninaogopa krosi tangu nikiwa mdogo. Nilimwambia babu yako miaka mingi iliyopita, nikamwomba anipigie kelele. Ndiyo maana akakaa pale nyuma. Nisingemwambia, angenisaidiaje?" Alijifuta uso kwa mkono wenye utepe. "Sasa nisikilize. Leo umevaa miwani, tumefungwa, na tumebaki. Machi hukuvaa, tukashinda. Miwani yako haijui hata kama kuna ligi. Tumebaki kwa alama tulizochuma moja moja tangu Septemba, kwa magoti haya. Mimi pia hugusa mwamba wa goli kabla ya mechi, sikatai. Lakini kwanza huwa nimefanya mazoezi. Bahati ni kitu cha kuchezea. Macho siyo. Na hofu, mwanangu, haifichwi mfukoni. Inasemwa kwa mtu mzima, mapema, kabla mpira haujakupiga puani."

"Babu ndiye aliyesema isitoke mfukoni."

"Babu yako alikuwa anatania. Alikufanyia macho siku moja kwa sababu ya mvua. Angekukuta umekaa kipofu miezi mitatu, angenipiga mimi na wewe kwa ile nyundo."

Mama, aliyekuwa amesimama nyuma, alicheka, na ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka uwanjani tangu Januari.

Jumatatu Tecla alikwenda kwa mwalimu kabla ya kengele na kumwambia kwamba miwani haikuwahi kufika kwa fundi. Mwalimu alimpa hesabu zote alizonakili azifanye upya. Zilimchukua hadi likizo.

Lakini kabla ya hapo, Jumapili asubuhi, yeye na mama walikwenda makaburini. Mama alibadilisha maji ya maua, akaondoka kidogo kwenda kutupa yaliyonyauka. Koti lilikuwa limekauka, na Tecla alikuwa amelivaa. Mifuko yake ilikuwa mitupu. Aliipandisha miwani yake vizuri puani, juu ya uvimbe uliobaki, akakaa kwenye ukingo wa jiwe.

"Babu," alisema, "jana hapakuwa na mvua. Fabri aliingia wa kwanza. Namba tisa wao ni mrefu kama ngazi yako. Sasa subiri, nianze mwanzo."

Akamsimulia mechi yote.